Gazeti la Kijiwe cha Yanga

Mwanangu kaja juzi na swali: "Baba, nani aliamua sisi ni Yanga?" Darasani kwao marafiki zake wote Simba, na naona kachoka kutaniwa kila Jumatatu. Nikamwambia akamuulize mama yake. Mama yake ni Simba, mnajua, na kesi hiyo nyumbani kwangu haijawahi kuisha.

Mimi hakuna aliyeniuliza. Kila jioni baba alinishika mkono tukaenda kwa Babu Fundi, pale Morogoro, chini ya mwembe uliopakwa kijani na njano hadi usawa wa bega. Kulikuwa na kahawa, kashata, bao, na gazeti moja la kijiwe kizima. Macho ya wazee yalishachoka na vijana hawakuwa na subira, kazi ya kusoma nikapewa mimi, mtoto niliyekuwa nikishika mkia darasani. Mwalimu alishakata tamaa. Wazee hawakukata, walitaka kujua nani kaumia goti kabla ya mechi. Nikikosea jina la mchezaji, kelele. Nikiruka nukta, Babu Fundi ananigonga kisogoni na ile futi yake ya kupimia suruali.

Hesabu za kutoa ziliniingia kwenye msimamo wa ligi, magoli ya kufunga na ya kufungwa. Lubumbashi na Kumasi nilizijua kabla ya mikoa ya kwetu. Historia nayo: klabu ilianza 1935, mwaka uliofuata wenzetu wa Simba wakajitenga. Waasi, ndivyo tulivyofundishwa. Ng'ambo ya barabara, kwenye kijiwe chekundu, bila shaka kuna mtoto alikuwa anafundishwa vingine kabisa, naye anasoma vizuri tu. Hapo ndipo ninapokwama kila nikitaka kuwashukuru Yanga.

Ikaja 2003, Simba na Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Dar Simba wameshinda 1-0, Cairo wakafungwa 1-0, penalti. Siku ile kijiwe chetu kizima kilikuwa Wamisri, na hili kwa Mtanzania halihitaji maelezo. Juma Kaseja, kipa wa Simba, akapangua, Christopher Alex akafunga ya mwisho, 3-2. Ng'ambo wakaanza kupiga madebe. Kwetu redio ilizimwa, kila mtu akashika njia yake bila kuaga.

Kesho yake nilijua gazeti halitanunuliwa. Lilinunuliwa. Babu Fundi akalinyoosha mapajani, akanipa ukurasa wa nyuma. "Soma."

Nikaanza kwa sauti ya matangazo ya vifo, nikiona ndiyo adabu inayotakiwa. Lakini ile habari iliandikwa na mtu anayejua kazi yake. Nilipofika kwenye penalti, sauti ikapanda yenyewe, mkono ukaanza kurukaruka kama wa mtangazaji. Nikajishtukia, nikakata katikati ya sentensi. Baba alikuwa anatazama kikombe chake. Muuza kahawa alikuwa kasimama na birika, kasahau kumimina.

"Mbona umekatisha?" Aliyeuliza ni mzee mstaafu wa reli, ambaye bao moja la Simba liliwahi kumlaza na njaa.

"Rudia hapo pa Kaseja," Babu Fundi akasema. "Na safari hii usiruke nukta."

Nikarudia, taratibu, kila nukta mahali pake.

"Kijana ana mikono yule," akasema mtu nyuma yangu.

"Si wetu."

"Nimesema ana mikono. Sijasema ni wetu."

Ukazuka ubishi, tukahamia kwenye bao, nikaambiwa niende nyumbani kuna shule kesho. Miaka mitano baadaye Kaseja akaja kuvaa jezi yetu, na wazee wale wale wakaapa kwamba wao walikuwa wakimkubali tangu zamani.