Nilivyosimamia kamera ya kutambua sura getini kwetu

Mi ni mwenyekiti wa kamati ya wapangaji kwenye jengo letu, na hii kazi ya kamera iliniangukia kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kusoma makaratasi ya muuzaji. Uamuzi wa kufunga ulishapita, watu walichoka na kadi, mtu anahama anaondoka nayo, nyingine zinaazimwa hovyo mpaka hujui nani kaingia kwa jina la nani. Kwa hiyo sikubishana tena kuhusu kufunga au kutofunga, nilichobishania ni hii mashine iruhusiwe kufanya nini na ikatazwe nini, na nikataka iandikwe kabla fundi hajatoboa ukuta. Ukurasa mmoja tu: itamfungulia geti mtu aliyekubali mwenyewe kusajiliwa, basi. Haimtafuti mtu, haimshtaki mtu, haipigi alamu kwa sababu ya sura.

Hapo kwenye alamu ndo palichemka. Jirani mmoja alikuwa na picha za "wezi" zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, akataka tuzipakie kwenye sistimu ili wakipita tu mlinzi aitwe. Nikamuuliza, ndugu yangu, hao nani kawathibitisha kuwa ni wezi? Akasema kila mtu anajua. Kila mtu nani sasa?

Nikawapa kisa cha Rite Aid, maduka ya dawa ya Marekani. Walitumia kitu hichohicho kati ya 2012 na 2020, wakijaza picha za watu wanaowashuku, nyingi hazionekani vizuri, wafanyakazi wakipata alamu wanamfuata mteja, wanamkagua, wanamfukuza mbele za watu. Hadi mtoto wa miaka 11 alikaguliwa. Picha moja ya mtu mmoja iliwahi kutoa alamu zaidi ya 900 ndani ya siku tano kwenye maduka zaidi ya 130 yaliyotawanyika nchi nzima, we fikiria huyo mwizi ana mbio kiasi gani. Desemba 2023 mamlaka ya biashara ya kule, FTC, ikawafungia kutumia hiyo teknolojia kwa miaka 5 na ikawaagiza wafute picha walizokusanya. Kikao kikatulia kidogo.

Kilichowamaliza kabisa lakini ni hesabu, na hii nakushauri uifanye kabla hujasaini chochote. Muuzaji anakwambia mashine inakosea mara 1 tu kati ya 1,000. Inasikika safi. Lakini hiyo ni kila inapolinganisha sura moja na sura nyingine moja, sasa kama umesajili watu 300, mgeni akisimama getini analinganishwa na wote 300, na nafasi ya kufananishwa na angalau mmoja wao inafika kama asilimia 26. Yaani karibu kila wageni wanne mmoja anafunguliwa geti kama mkazi! Ndo maana tukaamua mtu abonyeze kwanza namba ya nyumba yake, halafu kamera imlinganishe na wale wa nyumba hiyo tu. Inaongeza sekunde chache, wapo waliolalamika, ila kosa linapungua sana na huhitaji kununua mashine ya bei mbaya zaidi.

Na hiyo asilimia ya muuzaji nayo usiimeze nzima. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti Desemba 2019 baada ya kupima programu 189, ikaona kwamba nyingi zinawafananisha kimakosa watu wenye asili ya Afrika na Asia mara 10 hadi 100 zaidi ya wazungu, kutegemea na programu. Zingine zilikuwa nzuri tu. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji sio "inatambua?", muulize imepimwa kwa watu gani. Wetu alianza kuzunguka zunguka, nikamwambia sawa, tutaipima wenyewe na malipo ya mwisho yatasubiri.

Tukaipima jioni, maana jioni ndo watu wanarudi. Jua linakuwa nyuma ya mtu, uso unabaki kivuli. Mlinzi wetu wa usiku, mzee mweusi tii kama mimi, akasimama, akavua kofia, akasogea, mashine inazungusha tu kile kiduara. Akanigeukia, "Mwenyekiti, hiki kitu hakinitaki." Fundi tayari keshafungua setingi anataka kushusha kile kiwango cha kufanana, kidole kipo kwenye skrini, nikamwambia hapana kaka, ukishusha hapo mzee atapita lakini hata nisiyemjua atapita. Tatizo ni mwanga. Akaleta taa, akaigeuza kamera isitazame machweo, mzee akapita. Wiki hiyohiyo kijana mmoja akaishikia kamera picha ya baba yake kwenye simu, geti likafunguka, wote tukacheka kasoro fundi. Kumbe kipengele cha kuhakikisha mbele yake kuna mtu hai na sio picha kilikuwepo siku zote ila kilikuwa kimezimwa.

Sehemu ya ridhaa ndo ngumu kuliko yote na watu wengi wanaipita haraka. Mpangaji anaweza kukataa. Je dada wa kazi ambaye bosi wake ndo amesimama pembeni na fomu? Huyo akisema ndio amekubali au ameogopa? Tulichofanya ni kuacha kadi iendelee kufanya kazi kwenye geti lilelile, foleni ileile, bila kuulizwa kwa nini, na fomu mtu anasaini na kamati sio na bosi. Kuna waliochagua kadi na maisha yanaendelea. Watoto hatusajili. Wanaovaa nikabu nao wanatumia kadi, hakuna wa kuwaambia wafunue.

Data zenyewe zinakaa kwenye mashine iliyofungiwa ndani ya jengo, hazipandi kwenye seva ya muuzaji. Na kinachohifadhiwa sio picha, ni ile mistari ya namba inayotokana na uso, ingawa usidanganyike kwamba namba hazina madhara, paswedi ikivuja unabadilisha, sura unabadilishaje? Kumbukumbu za nani kapita saa ngapi zinajifuta baada ya siku 30, mtu akihama anafutwa akiwepo anaangalia, na nakala ya akiba pia. Cheki na sheria ya kulinda data za watu huko ulipo, Kenya wana ya 2019, Tanzania ya 2022, Ulaya wana yao inaitwa GDPR, na zote data za mwili wa mtu wanazipa uzito wa pekee.

Halafu zikaanza kuja zile ambazo nilijua zitakuja. Mume mmoja akanipigia usiku anataka kujua mke wake karudi saa ngapi ijumaa. Shemeji, nikamwambia, muulize mwenyewe. Kumbukumbu zinafunguliwa na watu wawili wa kamati kwa pamoja, kukiwa na tukio lililoripotiwa polisi, na kila zikifunguliwa inaandikwa nani kafungua na kwa nini. Alinuna muda mrefu.

Sasa hivi mwenye nyumba anataka kamera za parking nazo ziunganishwe zitambue sura. Nimemwambia alete kwa maandishi, aseme ni tatizo gani anataka kulitatua ambalo taa na mlinzi haviwezi. Bado hajaleta.