Kuupiga Picha Mji Mkongwe kwa Nyeusi na Nyeupe

Wengi wakiiona picha ya Mji Mkongwe isiyo na rangi hudhani kwamba aliyeipiga alitaka mji uonekane wa zamani. Dhana hiyo hunisikitisha, kwa kuwa mji huu ni wa leo, watu wanaishi ndani yake, na hauhitaji kuzeeshwa na mtu yeyote. Mimi huiacha rangi kwa sababu nyingine kabisa. Rangi za Unguja ni nyingi na zinapendeza, na jicho likishazikuta, iwe ni khanga iliyoanikwa dirishani au rundo la machungwa juu ya gari la mkono pale Darajani, huwa haliangalii tena ukuta. Rangi ikiondoka hubaki jiwe, chokaa, mbao na kivuli, na hivyo ndivyo vitu vilivyoujenga mji.

Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba. Chokaa hupumua: huufyonza unyevu wa masika na kuutoa jua linaporudi, na kila mvua huacha juu yake mabaka na michirizi ambayo katika picha ya rangi huonekana kuwa uchafu tu. Katika nyeusi na nyeupe alama hizo husomeka. Lipu ya chokaa huwa na daraja nyingi za kijivu, ilhali mahali palipozibwa kwa saruji hutokea kijivu kimoja kisicho na kina, na mara nyingi ni pembeni mwa kiraka hicho ndipo ufa unapoanzia, kwa sababu saruji huyafungia maji ndani ya ukuta. Nyumba ambayo nilikuwa nikiipita kila siku bila ya kuona lolote, nilipoitazama katika picha niliona wazi wapi ilikuwa ikiumia.

Milango nayo ina masharti yake. Nakshi haipendi mwanga wa uso kwa uso. Jua likiupiga mlango kwa mbele, maua ya mfaa, yaani ule mti wa katikati ya mlango, na minyororo iliyochongwa kwenye fremu hulala. Likiupiga kwa ubavu, kila mkato wa patasi hupata kivuli chake, na misumari ya shaba husimama juu ya mbao.

Wapiga picha hufundishwa kulikimbia jua la saa sita mchana. Kwa ufukwe wa Forodhani nakubali, lakini kwa vichochoro vya Kiponda na Sokomuhogo sikubali, maana nyumba zake ni ndefu na njia ni nyembamba kiasi kwamba ni katika saa hizo tu ndipo jua linapofika chini. Hushuka kama utepe, hugusa ukuta mmoja, na ukuta ule huurudisha mwanga laini kwa ukuta wa pili, hata kibaraza kilichomo kivulini kikawa na nuru ya kutosha kuonesha uso wa mtu. Tofauti baina ya jua na kivuli hapo ni kubwa mno. Kwa kamera ya dijitali hupima mwanga kwenye sehemu iliyopigwa na jua, kwani chokaa nyeupe ikishaungua katika picha hairudi. Mwenye kutumia filamu afanye kinyume, apimie kivulini, kwa kuwa filamu huvumilia wingi wa mwanga kuliko uhaba wake.

Filta nyekundu hulitia giza anga la samawati na kuyang'arisha mabati yenye kutu, na kwa picha za mapaa haina mfano. Mbele ya watu huivua, kwa kuwa hubadilisha weupe na weusi wa ngozi ukawa si wao. Katika dijitali kazi hiyo hiyo hufanywa baadaye, kwa kupunguza au kuongeza nguvu ya kila rangi wakati wa kuigeuza picha.

Jambo hili la rangi kugeuka kijivu ndilo linalotusaidia pia kuzisoma picha za kale. Kemikali za karne ya 19 zilihisi zaidi samawati na hazikuhisi nyekundu, ndiyo maana katika picha nyingi za wakati ule anga la Unguja ni tupu na jeupe, na bendera nyekundu ya Sultani huonekana nyeusi. Picha hizo hutuambia na umri wake. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme, ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Sayyid Barghash, na mwanzoni mnara ulisimama peke yake mbele yake, hadi mizinga ya Waingereza ilipoupiga tarehe 27 Agosti 1896; baada ya hapo mnara wa saa uliunganishwa na jengo lenyewe. Kwa hiyo picha yenye mnara mzima uliojitenga ilipigwa kabla ya siku ile.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo naziona picha zetu kwa uzito mwingine. Fundi anayetaka kujua nguzo ilisimama vipi, au roshani ilishikwa na nini, hufaidika na picha iliyo wazi na yenye vivuli vyake kamili kuliko picha iliyopambwa.

Ndiyo sababu siondoi nyaya za umeme, madishi wala pikipiki zilizoegeshwa chini ya milango, na sitii rangi ya kahawia ya kujifanya ya kale. Mtu atakayeitazama picha baada yetu ana haki ya kujua kwamba mwaka huu waya ulipita hapa. Wala sinyanyui kamera mbele ya wazee waliokaa barazani kabla ya salamu na kuomba ruhusa, na bibi akisema hataki, basi neno lake limekwisha. Kila picha ninayoibakisha naiandikia mtaa, tarehe na upande ukuta unapotazama, na mwenye nyumba nampelekea nakala iliyochapishwa. Baadhi yao wamezitumia nakala hizo kumwonesha fundi wa chokaa mahali pa kuanzia kazi. Kwa sasa naendelea na Kajificheni na Mkunazini, ambako kuna kuta nyingi ambazo sijaziona zikipigwa picha kwa utulivu, na nataka nizimalize kabla ya masika.