Siku yangu moja Darajani na vifaa vya kizee

Saa 2 asubuhi nafungua kibanda changu cha ufundi wa simu na kamera hapa Darajani, Unguja, chai bado ya moto, bi mkubwa mmoja keshafika na Nokia 1100 kwenye kifuko cha plastiki, haiwaki tangu juzi. Namuuliza majina yamo kwenye laini au kwenye simu, hajui, watu hawajui kabisa hili na mie ndo swali langu la mwanzo. Navuta betri anapiga kelele, "mwanangu usitoe, yatafutika!" Hayafutiki bibi, kinachopotea ni saa tu, utairekebisha.

Betri ni BL-5C, naiweka mezani naipiga kidole inazunguka kama pia. Ishavimba hiyo, nzima haizunguki. Tesita inasoma volti 1.4, wakati ikijaa inatakiwa 4.2, basi ikishashuka chini ya 2 mie siichaji hata unililie, shaba ya ndani inakuwa ishaanza kuyeyuka na ukiilazimisha inaweza kushika moto. Naitupa kwenye kopo la mchanga. Vile vyuma vya kugusia betri vimeota kijani, hewa yetu ya chumvi hii, nikasugua kwa spiriti na mswaki mkuukuu, nikatia betri nyengine, ikawaka, ile mikono miwili ya Nokia ikashikana kwenye kioo, bi mkubwa anacheka peke yake. Majina 41 yote yamo kwenye simu! Nikayakopi kwenye laini saa ile ile.

Saa 6 umeme umekatika, nikaenda kuswali nikala.

Saa 8 mzee na kamera yake ya 2004, kadi ya GB 32 kaletewa na mwanawe kutoka Maskati, haisomi, na duka jengine walimwambia kamera imekufa na alipe. Haijafa sheikh! Kadi kubwa kama hii, aina ya SDHC, zimetoka 2006, kamera imezaliwa kabla, haizijui. Nina GB 1 kuukuu kwenye kopo, nikamtilia nikaifomati, yaani kuiandaa upya, humo humo kwenye kamera, ikapiga picha. Nikamwambia kuifomati kunafuta, kwa hiyo picha za zamani ahamishe kwanza kwenye kompyuta.

Saa 12 na nusu nafunga, simu inalia, bi mkubwa.

"Mwanangu, magharibi ishaadhiniwa, mbona simu yangu inasema saa nne?"