Waliobeba Vigingi

Mwaka 2011 nilihamishiwa Dar es Salaam kikazi. Nilitoka Machame, mkoani Kilimanjaro, na cheti cha uhamisho kilichosainiwa na mchungaji wa usharika wa Kilutheri nilikobatizwa na kupata kipaimara, nikakipeleka katika ofisi ya usharika wa mjini, na karani, kwa upole kabisa, akaliandika jina langu kwenye daftari na kunikabidhi pakiti ya bahasha za sadaka zenye namba 418. Kwa mwaka mzima na zaidi namba hiyo ndiyo iliyonitambulisha. Nilifika ibada ya kwanza saa moja asubuhi, nikaketi upande wa kulia karibu na feni, nikatoa bahasha yangu, nikapokea baraka, kisha nikatoka wakati watu wa ibada ya pili wakiingia. Hakuna aliyenikosea. Lakini hakuna pia ambaye angejua kama siku hiyo nisingefika.

Kwetu Machame, baada ya baraka, watu walisimama uwanjani kwa mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka: mkungu wa ndizi, trei la mayai, jogoo aliyefungwa miguu, wakati mwingine kidumu cha maziwa. Mzee mmoja angeweza kuununua mkungu kisha akaurudisha uuzwe tena, na kabla mnada haujamalizika kila mtu alikuwa amesalimiwa na kuulizwa habari za mama yake na za mashamba. Sikuwahi kujiuliza nafasi yangu kanisani ni ipi, kwa sababu nilikuwa mtoto wa fulani na mjukuu wa fulani, na hilo lilitosha. Mjini ndipo nilipotambua kwamba ile ilikuwa nafasi ya ukoo wetu, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kutwikwa mzigo wowote.

Basi nikaanza kuitafuta nafasi yangu. Nilijiunga na kwaya, nikapangwa sauti ya nne, nikafanya mazoezi kwa miezi sita, na ingawa ndugu wa kwaya walinipokea vizuri, niliona kwamba ninaimba ili nionekane nipo. Baadaye ikaja semina ya karama, yaani vipawa ambavyo Roho wa Mungu humpa kila mwamini. Tuligawiwa dodoso lenye maswali mengi, tukajipa alama kwa kila swali, tukajumlisha, na karatasi yangu ikaonyesha kwamba nina karama ya uongozi. Nililiamini jambo hilo kwa moyo wote. Nilirudi nyumbani nikaiweka karatasi ndani ya Biblia, nikasubiri kuitwa. Nilisubiri Kwaresima nzima. Sidhani kwamba dodoso la namna ile ni baya, na najua watu waliosaidiwa nalo, lakini kwangu lilinifanya nijitazame mimi mwenyewe wakati ambapo ningepaswa kuwatazama walioketi kando yangu.

Siku ya Ijumaa Kuu tulishiriki Chakula cha Bwana na kanisa lilijaa mpaka nje. Ibada ilipokwisha, nilikuwa napita karibu na mlango wa chumba kidogo kilicho nyuma ya madhabahu, na bibi mmoja aliyejifunga kanga juu ya gauni jeupe akatoka akiwa amebeba trei mbili za vikombe vidogo vya kioo, moja juu ya nyingine, mikono ikimtetemeka. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Hebu nishikie hii." Nikaishika. Nikamfuata ndani, na sikutoka humo hadi saa nane mchana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vikombe vililowekwa kwanza katika beseni la maji ya uvuguvugu, kisha vikaoshwa kimoja kimoja kwa kidole kilichoviringishiwa kitambaa, kwa kuwa brashi haikuingia, kisha vikasuuzwa mara mbili na kupanguswa. Chumba kilinukia divai na sabuni. Kila kikombe kilichokauka bibi alikiinua kuelekea dirishani, akakizungusha polepole kwenye mwanga, na kama kilikuwa na alama ya mdomo wa mtu alikirudisha kwenye beseni pasipo kusema neno. Tulikuwa watano mle ndani: bibi, akina mama watatu na mimi. Wakati mikono ikifanya kazi, midomo nayo ilikuwa na kazi yake. "Yule mzee wa safu ya tatu hajaja mezani mara ya pili sasa." "Mke wake amelazwa." "Na yule binti aliyefiwa?" "Alikuja, lakini alibaki amekaa, hakusogea mbele." Bibi alikuwa akisikiliza tu. Mwishoni aliyataja majina manne, kwa mpangilio, akasema, "Jumanne."

Nilikuja kufahamu maana ya Jumanne. Wakati wa kushiriki, bibi yule alisimama pembeni tayari kupokea trei zilizokwisha, na kutoka pale aliona kila uso uliopiga magoti. Alijua nani yupo na nani hayupo. Siku ya Jumanne, baada ya saa kumi, alikwenda kuwatembelea wale ambao hakuwaona, na tangu wiki ile akaniomba niende naye kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua na njia za mtaa ule zina madimbwi. Kwa hiyo wajibu wangu wa kwanza katika kanisa la Mungu, baada ya miaka mingi ya kuwa Mkristo, ulikuwa kumshika bibi mkono wakati wa kuvuka mtaro.

Ni katika majuma hayo niliposoma upya sura ya 12 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ambayo nilikuwa nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi. Safari hii nilisimama kwenye mstari wa saba: "Lakini kila mmoja hupewa ufunuo wa Roho kwa kufaidiana." Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tumepewa hapo neno zuri sana. Kufaidiana ni kitenzi ambacho mtu mmoja hawezi kukitenda peke yake, kama vile kusalimiana na kusaidiana. Ikiwa karama ni ya kufaidiana, basi siwezi kuijua nikiwa nimejifungia chumbani na karatasi. Nitaijua pale ambapo mwenzangu amefaidika nayo nami nimefaidika na ya kwake. Nikaona pia jambo ambalo sikuwahi kulizingatia, kwamba Paulo anapoanza kuzungumzia viungo vya mwili, anaanza na mguu unaojidharau na kudhani kwamba kwa kuwa si mkono, basi si wa mwili. Jicho lenye kiburi linakuja baadaye. Na mguu ule hauambiwi kazi yake ni ipi. Unaambiwa kwanza kwamba tayari ni wa mwili, na kwamba Mungu ndiye aliyekitia kila kiungo mahali pake kama alivyotaka. Mimi nilikuwa nimegeuza utaratibu: nilitaka nijue kazi yangu ndipo nijihesabu kuwa wa nyumbani.

Lakini mahali paliponifungua macho zaidi ni katika kitabu cha Hesabu, ambacho nakiri kwamba wengi wetu tunakiruka. Katika sura ya nne, koo tatu za Walawi, kabila lililohudumu katika hema la kukutania, yaani hema la ibada ambalo Israeli walihama nalo jangwani, wanahesabiwa wanaume wao wenye umri wa miaka 30 hadi 50 na kugawiwa mizigo ya hema hilo. Wakohathi 2,750 wanapewa vitu vitakatifu: sanduku, meza, kinara na madhabahu. Wagershoni 2,630 wanapewa mapazia na vifuniko. Wamerari, ambao ndio wengi kuliko wote, 3,200, wanapewa mbao, mataruma ya kuziunganisha, nguzo, vitako vya kuzisimamishia, vigingi na kamba. Ukiisoma haraka unawaonea Wamerari huruma. Ndugu zao wanabeba sanduku la agano mabegani, wao wanabeba vigingi. Tena vitako vile havikuwa mzigo wa mchezo, kwani kitabu cha Kutoka kinasema vilikuwa mia moja vya fedha, kila kimoja talanta nzima, ambayo kwa vipimo vya leo ni zaidi ya kilo 30. Ndiyo sababu Musa aliwapa Wamerari magari manne na ng'ombe wanane, na Wagershoni magari mawili na ng'ombe wanne. Wakohathi hawakupewa hata gari moja.

Kuna mambo mawili katika habari hiyo ambayo yamekaa nami. La kwanza ni agizo kwamba vyombo walivyotwikwa Wamerari vitajwe kwa majina. Fikiria maana yake: kuna mtu katika Israeli ambaye Mungu aliagiza kigingi chake kitajwe. La pili limo katika sura ya kumi, pale kambi inapoanza safari. Wagershoni na Wamerari walitangulia na hema, na Wakohathi wakafuata nyuma na vyombo vitakatifu, ili watakapofika wakute maskani imekwisha kusimamishwa. Waliobeba vigingi walifika kwanza. Kama wasingekuwa wamefika na kukaza kamba, waliobeba vitu vitakatifu wangesimama jangwani na vyombo mabegani, pasipo pa kuviweka.

Ninapaswa kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu fundisho hili limewahi kutumiwa vibaya. Wapo waliowaambia wanawake, vijana na maskini kwamba "kila mtu ana nafasi yake", wakiwa na maana kwamba nafasi yao ni kufagia na kupika siku zote. Katika kanisa letu la Kilutheri hapa Tanzania wanawake walilitumikia kanisa kwa vizazi kadhaa kabla ya baadhi yao kuanza kubarikiwa kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika miaka yote hiyo hawakukosa karama. Kilichokosekana ni macho ya kuiona. Mungu hugawa kama apendavyo Yeye, wala hamwulizi mtu ukoo wake au elimu yake. Anayekaa katika chumba cha nyuma kwa sababu amezuiwa kupita mbele hajapewa nafasi, amenyang'anywa.

Nina huzuni moja pia kuhusu namna tunavyolitumia neno huduma. Siku hizi mtu akisema "nina huduma", tunaelewa kwamba anahubiri, anaombea wagonjwa hadharani au anaimba na kurekodi. Jumapili tunawapigia makofi wanakwaya, na wanastahili, maana wanajitoa sana. Lakini katika usharika wenye maelfu ya washarika, anayejua kwamba mzee wa safu ya tatu hayupo ni mtu wa thamani kubwa mno, na vijana wetu hukua pasipo kuambiwa kwamba hiyo nayo ni karama ambayo mtu anaweza kuiombea kwa Mungu.

Karatasi ya semina bado ninayo. Miaka minne baadaye nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo huenda haikukosea. Ila nilipoingia katika baraza sikuingia kutafuta cha kuongoza, kwa kuwa tayari nilikuwa na orodha ya nyumba za kutembelea, na mambo mengi niliyoyasema katika vikao nilikuwa nimeyasikia kwanza kwenye makochi ya wagonjwa siku za Jumanne.

Bibi hawezi kuja kanisani tena. Mwezi uliopita mchungaji alimpelekea Chakula cha Bwana nyumbani, nami nikabeba kile kisanduku chenye chupa ya divai, mikate na vikombe vitatu. Tuliimba ubeti mmoja, akaungama, akapokea. Mchungaji alipotoa baraka nikanyosha mkono nikichukue kikombe, lakini bibi hakunipa. Aliuliza kwanza, "Jumapili ni akina nani hawakuja?" Nikamtajia majina matatu, naye akayarudia kwa sauti ya chini. Kisha akashika upindo wa kanga yake, akakipangusa kikombe ndani na nje, akakiinua kuelekea dirishani na kukizungusha polepole kwenye mwanga, ndipo akanikabidhi.