U Mwana wa Nani?

Jana tulisafisha tangi. Mfereji ulikuwa mkavu, ikabidi tununue maji ya lori, na fundi kabla hajaondoka akatia dawa ya maji bila kupima. Jioni nafungua bomba nioge, bafu zima lanuka bwawa la kuogelea. Binti yangu akaja mbio, pua kaiziba: "Nani amemwaga Jik?" Mimi nacheka peke yangu na sabuni machoni. Harufu ile kwangu ina mahali pamoja tu: Bamburi, Agosti 2014, Nyanya amesimama ukingoni mwa bwawa na buibui lake, anamuuliza Mama kama maji yale yametiwa dawa kwa sababu ya wazungu ama kwa sababu yetu.

Mnaukumbuka mwaka wenyewe. Mwezi wa Mei serikali ya Uingereza iliwaonya watu wake wasikanyage pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi, na kampuni za utalii zikawapakia wageni ndege kuwarudisha kwao, wengine likizo haijafika nusu. Hoteli za kaskazini zikabaki na walinzi na paka. Mjomba alikuwa mhudumu wa mezani kule miaka yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka lango la hoteli yenyewe. Usiku mmoja akaja Majengo na habari kwamba wafanyakazi wameruhusiwa kuleta jamaa zao, siku mbili, kula na kulala. Bure, alisema. Tutafika huko.

Baba hakuelewa. "Likizo Bamburi? Si daraja tu na Kongowea, umefika?" Kwake yeye kusafiri ni kwenda Lamu kuzika mtu.

Mjomba alikuwa na sharti moja, akalirudia mpaka mlangoni. Mle ndani yeye si Mjomba. Asiitwe, asiulizwe habari za nyumbani, asishikwe mkono. Msimamizi wake hataki kuona wafanyakazi wakichanganya mambo. "Nyinyi ni wageni, mimi ni mhudumu. Mama, umesikia?" Nyanya, ndiye anayeambiwa, alikuwa akichagua mchele. Akasema amesikia, yeye si kiziwi.

Na Mama mnamjua. Kwenda kula bure hotelini alichukua mkeka, chupa mbili za chai, mahamri ya kutosha matanga, mbaazi za nazi kwenye hotpoti, na mito mitatu. Nikamwambia hoteli ina mito. "Najuaje imelaliwa na vichwa vya nani?"

Langoni askari wa kike alifungua hotpoti, mvuke ukampiga usoni, akasema chakula cha nje hakiruhusiwi.

"Hiki si cha nje," Mama akamwambia. "Hiki cha nyumbani."

Yule dada akatazama kushoto, akatazama kulia, akachukua hamri moja, tukapita.

Chumbani taulo zilikuwa zimekunjwa zikawa bata wawili wanabusiana. Mama akapiga marufuku kuzigusa, tukajifutia leso siku zote mbili. Nyanya akaukataa upepo wa mashine, akafungua dirisha, na kabla hajamaliza rakaa mbili tumbili alishaingia akatoka na mfuko wa mahamri. Akaketi juu ya paa la jirani, akauma moja, akalitupa, akajaribu jingine. Nyanya akasema mwacheni, mwenyeji ni yeye. Kilichomuuma Mama hata si wizi. "Mbona alitupa?" akawa anauliza mpaka Alasiri. "Iliki imezidi?"

Habari za kuogelea sitasimulia. Kaka yangu alikunywa nusu ya bwawa, na Baba, aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, alikaa na suruali yake ndefu kwenye kiti cha plastiki akitazama meli zilizokuwa mbali zikisubiri zamu ya kuingia Kilindini. Mimi hasa nataka kufika kwenye chakula cha jioni.

Ukumbi ule ungeweza kulisha watu mia tatu. Tulikuwa sisi, wazee wawili Wajerumani ambao onyo la Waingereza halikuwahusu, na meza tupu zilizopangwa sahani na glasi kama kwamba wageni wa harusi wamechelewa. Mjomba akatokea jikoni. Sikuwahi kumwona vile. Nyumbani ni mtu wa kikoi na fulana, mtu wa kusema kwa kelele na kula ameegemea ukuta. Huyu alikuwa na koti jeupe, tai ya kipepeo, kitambaa kimelazwa mkononi, na hatua zake hazisikiki. Akasimama upande wa kulia wa Mama, akainama kidogo.

"Habari ya jioni, madam. Maji baridi ama ya kawaida?"

Mama akageuka nyuma kumtafuta madam.

Kaka akapaliwa na mkate, Baba akamkanyaga chini ya meza. Mama alipofahamu kuwa ni yeye anayeambiwa, akanyoosha mgongo, akasema baridi, tafadhali, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake. Yule ni mdogo wake. Alikuwa akimbeba mgongoni akienda naye chuoni. Lakini mikono ilimshinda. Tulipomaliza supu akaanza kupanga sahani moja juu ya nyingine na kukusanya makombo kwa pembe ya leso. Mjomba akaja, akamtoa sahani mikononi moja moja, na midomo haisogei: "Dada, kaa kitako. Leo n'achie mimi." Ndipo nikaona pindo la mkono wa koti lake limeshonwa upya, kwa uzi ambao haukuwa mweupe sawasawa na koti. Msimamizi alikuwa kwenye nguzo, mikono nyuma.

Mjomba akarudi na bakuli la pweza wa nazi. Alipofika kwa Nyanya akaanza kupakua, na Nyanya akamtazama. Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, hana haraka, akaweka kijiko chake chini.

"Kijana, u mwana wa nani?"

Upawa ukabaki hewani. Rojo likadondoka kwenye kitambaa cheupe cha meza, tone moja, kisha la pili.

"Mwana wa Mombasa, bibi."

"Mombasa ni kubwa. Mamako yu hai?"

"Yu hai, bibi."

"Yuwala vyema?"

Mjomba akatazama sahani iliyokuwa mbele yake. "Leo yuwala vyema."

"Msalimie. Mwambie amelea."

Akashika kijiko chake, akaendelea kula. Mjomba akasema asante bibi, akafuta yale matone, akaenda zake jikoni. Matunda tuliletewa na kijana mwingine.

Usiku ule chumbani hakuna aliyethubutu kumuuliza. Alisali Isha, akalala kwenye mto wake.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Kabla ya mwaka kwisha hoteli ilipunguza watu, Mjomba akiwamo. Siku hizi anaendesha tuktuk Bombolulu. Alipohamia kwetu kwa muda, Mama alikuwa akimfulia, na kwenye mfuko wa suruali akakuta karatasi ya mshahara wa Agosti. Malazi ya jamaa, yamekatwa. Ndiyo bure ile. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akairudisha mfukoni, akaifua pamoja na suruali, na mpaka leo sijui kama Mjomba anajua kwamba twajua. Ramadhani iliyokuja Nyanya alianza kumwita Mama kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na kutuuliza kama ameshakula daku hali kitoweo kingali mdomoni. Tulimzika 2018.

Basi kila tukikusanyika huu ndio ugomvi. Mjomba asema mamake alikuwa akifuata sharti alilopewa, tena kwa kuzidisha makusudi ili amtoe jasho mbele ya msimamizi, na alipomaliza alimkonyeza. Mama asema hakuna aliyekonyeza mtu: jicho lile lilikuwa na mtoto wa jicho, likipepesa lenyewe, na usiku uleule Nyanya alitia tasbihi yake ndani ya friji. Baba asema hilo la friji si ushahidi, maana friji lenyewe lilikuwa limefichwa kwenye kabati na hata yeye alitaka kutia viatu. Mimi niliyekaa mkabala na Nyanya ndiye ninayetakiwa niamue, na mimi wakati ule nilikuwa nikitazama rojo.

Nikiwa na Mjomba naamini alikonyeza. Nikiwa na Mama namwona Nyanya akianza kutuacha palepale, mbele ya pweza, na sisi tunajizuia kucheka.

Idd iliyopita Mjomba akatoa jambo jipya. Eti alipoondoa vyombo alikuta shilingi mia mbili chini ya kisahani cha Nyanya, noti imekunjwa mpaka imekuwa ndogo, vilevile alivyokuwa akizifunga kwenye pembe ya leso.

"Mwaona? Alikuwa akimpa mwanawe."

Mama akasema bakhshishi hupewa mhudumu. Baba akasema Nyanya katika umri wake hakuwahi kumpa mtu baki zaidi ya ishirini. Kaka akasema labda alifikiri ni ishirini. Ikawa kelele, majirani wakadhani tunagombea urithi. Nikamuuliza Mjomba noti yenyewe iko wapi.

Aliitia mkebeni. Bakhshishi zote zilikuwa zikiingia mkebe mmoja na kugawanywa mwisho wa mwezi, na msimamizi alikuwa palepale kwenye nguzo.

Mama akataka kujua fungu lake yeye lilitoka shilingi ngapi. Mjomba akamwambia mwezi ule wageni walikuwa wale Wajerumani na sisi.