Mama alisema karudia unga

Kakangu alikua teja, sifichi, mtaa wetu huku Kisauni wote wajua. Mwaka wa pili huu ameacha unga, yaani heroini, kila asubuhi aenda kunywa methadoni, dawa ya kushika nafasi ya unga, iwe Idi iwe mvua, aimeza mbele ya muuguzi halafu ndo arudi zake. Sasa mwanzo wa mwaka akaanza kukohoa, jasho la usiku, suruali zamvuka, kupimwa makohozi ikatoka TB. Dawa akapewa bure, miezi 6, miwili ya kwanza dawa aina nne halafu minne aina mbili. Mkojo ukawa rangi ya chungwa, mama kuingia chooni akapiga ukelele.

Wiki ya pili hivi, balaa. Miayo, kamasi, tumbo lamkata, usiku miguu haitulii. Sie nyumbani hali hio twaijua, ni arosto, mwili wadai unga. Mama akasema karudia, nami nikaamini wallahi, nikampekua mifuko amelala, mpaka leo naona haya. Kule achukuako dawa za TB nako wakamwambia aache mchezo.

Kumbe! Muuguzi wa methadoni alimuuliza swali moja tu, siku hizi wanywa dawa gani nyengine? Ndani ya zile za TB kuna rifampisini, ndo hio hio yenye kutia rangi, na yalifanya ini liichome methadoni mbio mbio, asubuhi anywa, jioni mwili mtupu. Dozi ikapandishwa pole pole, za TB asiache hata moja, na baada ya siku kadhaa akalala usiku kucha. Nafikiri wako walioacha vidonge vya TB hapo hapo, teja achague kikohozi ama arosto, jibu si mwalijua? Kisha vile vidudu vyazoea dawa, yawa TB sugu.

Mnazi nao, marafiki wa maskani wamwambia glasi moja haiui, na ini lenyewe lishachoshwa na dawa. Hapo kanisikia. Kwa muguka, yale majani ya kutafuna, nimeshindwa, kaunti yetu ya Mombasa ilipiga marufuku Mei 2024 na yeye hakukosa hata siku moja, chakula chenyewe hakishuki na mifupa yahesabika.

Amebakisha mwezi. Zikiisha, methadoni lazima ishushwe tena pole pole, manake ini likitulia dozi ile itamzidi, yaweza kumkata pumzi. Mama ameizungushia tarehe kalamu nyekundu, kalenda ya jikoni.