Ziwa Halinyamazi

Juzi usiku binti alinijia na daftari lake la Kiswahili. Jedwali la tanakali sauti: upande huu kitendo, upande ule mlio wake. Kitu kuanguka majini, chubwi. Matone, ndo ndo ndo. Maji yanayochuruzika, chururu. Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja tu, "kimya", na mbele yake nafasi wazi.

"Mama, kwani kimya nacho kinalia?"

Nikacheka. Halafu ghafla nikawa Luchelele, ufukweni mwa Ziwa Victoria kule Mwanza, saa 10 alfajiri, nimevaa koti la nailoni.

Ujanani niliandika mchezo wa redio. Sehemu ya 6 mke wa mvuvi amekaa mwaloni usiku anamsubiri mumewe, na mimi nikaandika kwa madaha yote ya ujana: ZIWA LIMENYAMAZA. KIMYA. Fundi wetu wa sauti akalizungushia neno kalamu nyekundu. "Kimya kipi? Nikikata sauti kabisa, msikilizaji atadhani betri zimeisha."

Hakukosea. Redioni kimya kitupu ni hitilafu. Kimya ambacho mtu atakisikia kuwa ni kimya hutengenezwa kwa visauti vidogo sana. Ndiyo maana ukirekodi popote, chumbani au ufukweni, lazima uiache maiki inase walau dakika 1 bila mtu kusema neno. Hiyo dakika ndiyo unayoitandika chini ya mazungumzo baadaye. Ukiisahau, kila pengo kati ya sentensi mbili linasikika kama shimo, na kuliziba baadaye ni kazi.

Kwa hiyo tukaenda kukitafuta kimya. Mchana haiwezekani, kwa sababu upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na upepo ukiipiga maiki hauleti mvumo, unaleta ngurumo, hata uivishe sifongo. Usiku upepo hugeuka, hutoka nchi kavu, na huwa mwepesi. Tukapiga hesabu: saa 10 pikipiki zimelala, baada ya saa 11 kuna adhana, na ikikaribia saa 12 kwarara, wale ndege wa makelele, wanaamka. Kwarara wakishaamka, funga vyombo urudi mjini.

Mzee mwenye mtumbwi alitupokea kwa "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, akatupigia kasia mpaka nyuma ya mawe, akaliinua kasia, akalilaza magotini.

Nikavaa hedifoni. Kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa mimi. Lile koti! Nikivuta pumzi tu, kwapani kunachakarika kama mtu anayekunja mfuko wa rambo (enzi hizo haujapigwa marufuku). Nikalivua, na kulivua kukawa na makelele kuliko kulivaa. Nikalikalia. Kikafuata kitu cha pili, shhh ya mashine yenyewe, maana ukiifungua sana ili inase visauti vidogo, inaanza kujinasa. Dawa si kuongeza, dawa ni kusogea. Fundi akaishusha maiki hadi shubiri 2 kutoka kwenye maji, akapunguza mashine, akaninyooshea kidole: usicheze.

Ndipo visauti vikaanza kuja. Maji chini ya mtumbwi, si mawimbi, yanagusa ubao na kuuachia, kama mtu anayeonja supu ya moto. Mbali gizani watu wawili wanaongea. Ungesema wananong'ona, kumbe wanaongea kawaida kabisa, ila maji yameichukua sauti yao na kuifikisha kwetu ikiwa imechoka, maneno hayashikiki. Kitu kikaanguka, chubwi, kidogo mno. Samaki au kokoto, sijui. Na kasia. Ncha ya kasia ilikuwa inadondosha. Ndo. Mwanzo tone kila sekunde. Ndo. Halafu kila sekunde 2, halafu 4, na mimi nimezuia pumzi nangoja linalofuata. Fundi akanitazama, akatikisa kichwa polepole: hicho hicho.

Na mimi, kwa akili zangu, nikamwinamia mzee nikanong'ona, "Ziwa limenyamaza kweli."

"Ziwa halinyamazi, mwanangu," akajibu, tena kwa sauti yake ya kila siku. "Ananyamaza aliyekuwa analia. Ziwa limetulia tu."

Yote yakanaswa. Fundi alinikalia kimya mpaka Nyegezi.

Lakini fikirini. Mtoto akilia unamwambia nyamaza, akirukaruka unamwambia tulia, na ndugu asiyepiga simu unamuuliza mbona kimya. Ukifanya jambo kimya kimya, si lazima uwe hupigi kelele, ila hutaki lijulikane. Studio tuliteseka na hayo hayo. Mwigizaji wetu tulimwambia "shusha sauti", akaanza kuongea kwa besi kama anaendesha mazishi. Tukalazimika kukubaliana: ukitaka sauti iwe ndogo, sema "punguza"; "shusha" itamfanya awe mzito. Na mnong'ono ni kitu kingine kabisa, ni pumzi bila mtetemo wa koo. Kuongea polepole siyo kunong'ona. Wa kunong'ona anaiweka maiki kiganja 1 kutoka mdomoni, tena ubavuni kidogo, la sivyo kila P na kila B inalipuka masikioni mwa watu.

Sehemu ya 6 ikaenda hewani na sekunde 11 za lile kasia, zilizopona kabla sijafungua mdomo. Neno langu sikulibadili. Nilijitetea kwamba yule mke alikuwa na ugomvi na ziwa, na mwenye ugomvi nawe ndiye anayekunyamazia. Au pengine kilikuwa kiburi tu, mwandishi hakutaka kusahihishwa na mpiga kasia. Mzee sikumwona tena kumuuliza.

Binti hakuwa na subira ya habari yote hiyo. Alisikiliza hadi kwenye kasia, akaandika: ndo, nukta nyingi, ndo. Jana daftari limerudi, amekoseshwa. Jibu ni jii, kimya jii, na mwalimu yuko sahihi, ndilo linalojulikana.

Tangu jioni yuko chumbani kwake. Baba yake anasema ametulia, anasoma. Mimi nimesimama mlangoni nasikiliza, na naona kama amenyamaza.